Mjukuu Wangu Hairushi Ndege Hiyo

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Bwana Asilimia, huna haya! Mtu mzima mwenye tai shingoni unasimama mbele ya mgeni na kusema ndege ni nzito kwa sababu ya mto wa kiti. Mto wangu! Ndege ina chuma, ina mabomba, ina nyaya zimejiviringa kama utumbo, na jicho lako limeona mto. Mama yako angekusikia angekufinya.

Daktari wa presha aliniambia hasira zangu niziandike badala ya kuzisema. Haya, naandika. Kusema nitasema pia.

Mimi ndiye mkuu wa chumba cha kushonea hapa kambini. Walio chini yangu ni mimi mwenyewe, lakini mkuu ni mkuu. Nashona vifuniko vya turubai vya kufunika ndege, mito ya viti, na tepe nyekundu. Ndege ikiwa imelala, kila tundu linazibwa na kila kinachoweza kucheza kinafungwa pini, na kila kizibo na kila pini ina utepe mwekundu wenye namba na maneno meupe: TOA KABLA YA KURUKA. Herufi hizo nazishona mimi. Darasa la nne nililoishia linazitosha kabisa.

Ndege yenyewe wanaiita Mwewe. Ni ya vita, inaundwa hapa hapa, na walianza kuiunda mjukuu wangu akiwa anang'oka meno ya utoto. Leo mjukuu ni rubani kamili. Ndege bado. Bei imepanda mara tatu. Kila mwaka mkuu wa mradi anatangaza kwamba imekamilika kwa asilimia tisini na tano, ndiyo maana sisi tunamwita Bwana Asilimia. Hizo tano zilizobaki sijui zimejificha wapi. Mimi nikiomba mkanda mpya wa cherehani naambiwa tunabana matumizi!

Leo kaja Mkaguzi, ametumwa na kamati ya bunge. Mwanamke mwembamba, viatu bapa, hacheki. Nilikuwa juu ndani ya ndege nafunga vifungo vya mto, na wao chini ya bawa wanazozana. Bwana Asilimia akasema Mwewe inakwenda na mzigo wake wote mpaka kisiwani na kurudi bila kuongeza mafuta, ndivyo walivyoahidi na ndivyo itakavyokuwa. Mkaguzi akasema kwa uzito huu ikienda hairudi. Bwana Asilimia akasema itarudi. Mkaguzi akamuuliza itarudi kwa kusukumwa na nini, na upepo? Hapo ndipo akatafuta cha kusingizia, akaona mto.

Nilichungulia nikamwambia kama ni uzito, aanze na tumbo lake. Mafundi wakacheka mpaka mmoja akaangusha nyundo.

Lakini mimi mwenyewe sikucheka. Hilo neno "hairudi" limenikaa masikioni. Jumatano Mwewe inakwenda kisiwani mbele ya kamati nzima. Na anayeirusha ni nani? Mjukuu wangu. Huyu niliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Mchana kutwa uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Nikasingizia macho. Si macho.

Mjukuu wangu hairushi ndege hiyo. Nimesema.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nilianza kwa ustaarabu. Wakati wa chai ya asubuhi nikamwambia mjukuu aseme anaumwa tumbo. Akaniambia, "Mke mwenza, huo wivu. Unaogopa nikirudi shujaa mume wetu atanipenda mimi zaidi." Huyo mume wetu, babu yake, akachekelea na mkate mdomoni. Mwanamume wa umri ule!

Nikamweleza alichosema Mkaguzi. Akasema anajua alichosema Mkaguzi, anajua alichosema Bwana Asilimia, na kwamba ndani ya ndege atakuwemo yeye, si wao. Kisha akaondoka anapiga mluzi. Buti zake zilikuwa zinang'aa. Nilizitazama zikitoka mlangoni, nikatamani nizifiche.

Basi. Ustaarabu umeshindwa, nikaingia kwenye mipango. Mmeusema mto wangu mzito? Ngojeni niwaonyeshe mzito. Nikaufumua, nikaujaza sponji mara mbili, nikaukanyaga kwa magoti, nikaushona. Hesabu yangu ilikuwa safi. Mjukuu akikaa, kichwa kitagota kioo cha juu. Kioo hakitafunga. Ndege isiyofungwa kioo hairuki. Hakuna aliyeumia, kila mtu nyumbani kwake.

Akapanda. Akakaa. Kichwa kikagota! Kioo hakikufunga! Nilikuwa nyuma ya ngazi nimeuma upindo wa mtandio kwa furaha.

Ningejua. Bwana Asilimia aliita watu wakampima mjukuu kichwa. Wakapima kiti. Wakakaa kikao pale pale wamesimama. Wakaamua kwamba mfumo mzima wa kukalia una kasoro ya msingi na unahitaji mto wa kitaalamu kutoka ng'ambo, pamoja na mtaalamu wa kuja nao. Mto una msindikizaji! Atalala hotelini! Bei ya mto huo ingejaza chumba changu cherehani mpya mpaka mlangoni. Mkaguzi aliandika kwa kasi mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Mjukuu alikuwa ameshautupa mto wangu chini. Akakunja sweta lake, akalikalia, kioo kikafunga pu! Akasema yuko tayari kwa kesho.

Kufuli alikuwa anapita. Kufuli ndiye mtunza stoo wetu. Funguo kiunoni, uso umefungwa. Ukitaka sindano mpya lazima umrudishie iliyovunjika, vipande vyote. Hata kijiko chake cha chai kina namba. Akautazama mto uliolala sakafuni akasema, "Mama mkuu, naona siku hizi unashonea majitu."

Nikamwambia ajiangalie yeye, aliyezaliwa na risiti.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nimeshinda! Hapana. Nimekwisha. Niandike polepole.

Asubuhi ya kuruka kazi huenda hivi. Fundi anatoa tepe zote pamoja na pini na vizibo vyake. Rubani anaizunguka ndege, anahakikisha hakuna nyekundu iliyobaki, anatia sahihi kwamba zote zimetoka na zimekabidhiwa. Zinaning'inizwa kwenye ubao wa Kufuli, kila moja kwenye msumari wa namba yake. Kufuli anahesabu. Ukikosekana mmoja, ndege hairuki, kwa sababu huenda umebaki ndani ya injini. Hata aje jenerali analia, hairuki.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Niliamka nayo.

Nilifika na kikapu changu cha nyuzi, nikajifanya nakagua mishono iliyofumuka. Kamati ikaingia, watu na suti zao. Kufuli akageuka kupiga saluti. Nami nikanyoosha mkono, nikatwaa utepe namba kumi na saba na pini yake, nikautia kifuani. Kifua hiki kimetunza hela, funguo, simu na dawa. Utepe ni kitu gani?

Injini ilishaanza kunguruma. Kufuli akahesabu. Akasimama. Akahesabu tena, midomo inatembea. Akapauka kama majivu, akakimbia uwanjani anapunga mikono yote miwili. Sijawahi kumwona Kufuli akikimbia. Funguo zililia kama kengele za shule.

Mwewe ikazimwa, ikarudishwa bandani kwa trekta, kinyumenyume. Kamati ikapewa soda. Nami nikajipa chai yenye sukari ambayo daktari wa presha kaikataza. Mjukuu yuko chini. Mzima. Nilimwona akivua kofia, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Jumatatu.

Furaha haikufika adhuhuri. Kufuli akaja na karatasi akauliza nani alitia sahihi kwamba tepe zote zimetoka na zimekabidhiwa. Mjukuu akasema ni yeye. Akanyang'anywa beji ya urubani pale pale, mbele ya mafundi, mbele ya soda za watu. Ijumaa anasimama mbele ya baraza la nidhamu. Wakimkuta na kosa, harushi tena kitu. Hata tiara!

Mimi nilitaka asirushe Mwewe. Nani kasema asirushe ndege tena maishani? Watu hawa hawajui kupima!

Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda anazitazama buti. Chakula hakugusa. Akaniambia, "Bibi, nilizihesabu. Nilizigusa moja moja. Au nimeanza kuona visivyokuwepo?"

Ningesema. Mdomo nilishaufungua. Nikasema anywe chai itapoa.

Utepe ulikuwa hapo hapo kifuani, unawasha kama upupu.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Wameifungua Mwewe. Yote! Vibati vimetandazwa sakafuni kama nguo za mtumba, mafundi wameingia ndani miguu tu ndiyo inaonekana, wanatafuta utepe ambao umekaa kwangu. Kila saa wanayoifungua inalipiwa. Bwana Asilimia ameita watu wa zamu zote na wale wastaafu waliolijua tumbo la ndege.

Utepe hawakuuona. Waliyoyaona sasa! Spana iliyopotea zamani mpaka mtu akafukuzwa kazi. Miwani. Nusu mkate, umekuwa jiwe. Soksi. Soksi moja! Nani anavua soksi moja ndani ya ndege ya vita? Bwana Asilimia hakuona aibu. Alimfuata Mkaguzi akamwambia ndege sasa imepungua uzito, kwa hiyo uwezo wake umeongezeka, na aandike hivyo. Mkaguzi akamuuliza kama mpango wao ulikuwa kufika kisiwani kwa kupunguza soksi.

Mimi nikaamua. Utepe utapatikana leo, mjukuu atasafishika, na ndege imeshafumuliwa, itachukua miezi kuishona tena. Mpango mzuri. Ningeuacha hapo, ningekuwa salama.

Lakini Kufuli alinitangulia. Alikuja chumbani asubuhi akasema anataka namba kumi na saba mpya, ubao wake hauwezi kukaa na msumari mtupu. Nikamwambia nina kazi. Akasema sawa, anaelewa, umri nao, atatafuta fundi wa mjini ambaye mkono haumtetemeki.

Mkono wangu! Nikashona. Kwa hasira nikashona utepe mzuri kuliko zote nilizowahi kushona, kumi na saba imenyooka kama askari. Nikamrushia. Akatoka nao anaukagua kwenye mwanga, mshenzi, na hakukuta kosa.

Mchana mafundi walipokwenda kula, nikapita chini ya bawa na kikapu, nikaudondosha ule wa zamani ndani ya trei ya mafuta machafu. Nikarudi nikakaa. Nikangoja. Kelele! Umepatikana! Mtu akambeba mwenzake juu juu. Nikatoka na mimi kushangilia, nikapiga vigelegele kuliko wote.

Kufuli akaja kuupokea. Akaenda kuutundika. Msumari wa kumi na saba una utepe tayari.

Akaushusha na huo.

Mimi mwenye kushona tepe hizi sikuwahi kujua kwamba utepe ukizidi ni kosa kama utepe ukipungua. Namba moja haiwezi kuwa na tepe mbili, maana hapo hujui ipi ndiyo ya kweli na ipi imetoka kwenye tundu gani. Kufuli akaziweka pamoja mkononi. Mshono mmoja, mkono mmoja. Hiyo peke yake si kitu, zote nimezishona mimi. Kisha akaupeleka ule wa zamani puani.

Kila mtu kambini anajua napaka dawa ya kifua asubuhi na jioni. Ile ya kopo, yenye mnanaa, inayofungua pua ukiwa mlangoni.

Akanitazama. Akaukunja, akauingiza mfukoni mwake, akafunga kifungo. Akasema, "Kesho tutakutana barazani, mama mkuu." Hakupaza sauti. Angepaza ningemjibu.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Sikulala, na babu yake alikoroma kama Mwewe yenyewe.

Niliamua nitasema mwenyewe kabla Kufuli hajanisema. Sitaki kusemwa na mtu aliyezaliwa na risiti. Nikavaa gauni la harusini, nikafunga kilemba, nikaenda kwenye ofisi ya baraza. Mlinzi akasema wameshaanza. Nikamwambia mimi ndiye watakayemalizia naye. Nikaingia bila kubisha.

Maofisa watatu mezani. Bwana Asilimia pembeni. Mkaguzi nyuma na kalamu. Mjukuu wangu kasimama katikati, amenyooka, midomo imekauka. Na Kufuli kasimama karibu naye.

Nikasema, "Ni mimi! Utepe niliuiba mimi! Huyu mtoto kazihesabu vizuri, na alikabidhi zote. Nyinyi mmemtia kwenye ndege nzito mkiwa mmekaa kwenye viti, na aliyeona aibu ni fundi cherehani peke yake!" Nikasema mengi. Nikataja tumbo la Bwana Asilimia. Nikataja mkanda wa cherehani. Nikasema kuhusu soksi.

Nilipotua kuvuta pumzi, ofisa wa katikati akaniuliza kwa upole kama nimemaliza. Akaniambia Kufuli alikuwa ametoka kukiri kwamba alikosea kuhesabu. Kwamba kumi na saba ilikuwepo ubaoni tangu mwanzo, hakuiona, na ya kwenye trei ni ile mpya aliyoagiza ikamdondoka; rubani hana kosa. Walikuwa wanaandika neno la mwisho.

Kufuli! Aliyehesabu punje za chumvi akiwa tumboni! Alikubali kuitwa kipofu kwa ajili ya mjukuu wangu, nami nimeingia na kilemba nikamvunjia yote. Alikuwa anatazama ukuta. Nilitaka kumshukuru, nikajikuta namwambia ni mjinga mkubwa.

Nikajua sasa ni mimi na mlango. Naondoka na cherehani yangu bila mkanda.

Hapo akasimama Bwana Asilimia. Akakohoa. Akasema wazee wa baraza wasiwe na haraka. Kumbe jana usiku kamati ilimuuliza gharama ya kufungua ndege nzima aliiweka fungu gani, naye alishajibu kwa maandishi kwamba lilikuwa zoezi. Zoezi la kupima umakini wa wafanyakazi, lililopangwa na mradi. Akanionyesha kwa mkono akasema, "Na huyu mama ndiye aliyeteuliwa kuuficha." Tena zoezi limefaulu, limezalisha spana.

Mkaguzi alicheka. Mara ya kwanza. Kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka.

Baraza likafungwa. Mjukuu karudishiwa beji. Mimi nimepigwa marufuku kuingia bandani, ila nimeandikiwa cheti cha ushiriki. Na Mwewe? Nilisema itachukua miezi kuishona. Wale wastaafu wameirudishia kila kitu, wamekesha, wanalipwa mara mbili. Kesho inaruka. Na mjukuu ndiye rubani.

Jioni hakuniita mke mwenza. Aliniita Bibi. Akasema angenielewa kama ningemfungia mlango, kama ningelala mbele ya magurudumu. Lakini nilimwacha ajione mwendawazimu, nikampa chai. "Ndege ingeniua mara moja tu, Bibi, wewe umeniua kila saa," akasema. Halafu akaenda kulala.

Nikaosha kikombe chake cha chai mara mbili.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Alitoka kabla sijaamka. Yaani nilikuwa macho, nimejifanya nimelala, kwa sababu sikujua niweke wapi uso.

Nimekatazwa bandani, sijakatazwa ua. Nyuma ya jiko la kambi kuna seng'enge, ukisimama kwenye ndoo unaona uwanja wote. Nilimchukua babu yake. Alikuja na kiti chake cha kukunja kama anaenda kwenye mpira. Masikio yake hayasikii vizuri, akawa ananiuliza tu, "Imeondoka? Imeondoka?"

Imeondoka. Nilihisi kwenye meno. Ikapanda na mzigo wake wote, nzito, ikichukua uwanja mpaka karibu na mwisho, nami nikiwa kwenye ndoo naisukuma kwa mabega. Ikawa nukta. Ikapotea.

Sasa kungoja. Anga halina kitu. Unaangalia anga mpaka linaanza kucheza machoni. Niliwaza sweta lile alilolikalia, kwamba nilimfumia mimi, na kiwiko kimoja nilikosea. Niliwaza ningekuwa nimemwambia Jumatano jioni. Babu yake akauliza, "Imerudi?" Nikamwambia anyamaze. Akauliza tena. Nikamwambia akiuliza tena nitampanda kichwani badala ya ndoo. Kisha nikaona mikono yake inavyoyang'ang'ania magoti, nikamwambia bado, itarudi.

Kufuli akatokea. Darubini mkononi, ya stoo, ina namba. Nikadhani kaja kunicheka. Akanyoosha karatasi, akasema nitie sahihi kwanza. Nikatia. Akanipa darubini.

Nikaiona. Nukta, halafu mbawa. Inakuja chini, chini mno, na haina sauti. Babu haisikii, na mimi pia siisikii! Ndege ile inayotingisha meno, kimya kama karatasi. Kufuli akasema kwa sauti nyembamba, "Mafuta yamekwisha." Nilimshika mkono. Sijui kwa nini niandike hili, lakini nilimshika, na yeye akaushika.

Ikagusa uwanja. Ikaruka kidogo. Ikagusa tena. Ikakaa. Ikatambaa mpaka katikati, ikasimama, haiwezi hata kusogea pembeni. Trekta likaenda kuivuta. Kioo kikafunguka, mtu mdogo akasimama juu ya kiti akapunga mkono kwetu huku nyuma ya jiko. Alijua nitakuwa hapa!

Nilianguka kutoka kwenye ndoo. Mguu uko sawa.

Basi Bwana Asilimia anatangaza ushindi, imerudi. Mkaguzi anasema imerudi ikivutwa. Bwana Asilimia anasema trekta halihesabiki kwa sababu ndege ilishagusa ardhi. Wamezozana uwanjani ndege ikiwa bado moto. Kumbe mjukuu hakufika kisiwani. Aliona mshale wa mafuta unavyoshuka, akageuza kisiwa kikiwa mbele ya macho yake, na hata hivyo nusura asirudi. Bwana Asilimia akamletea karatasi aandike kwamba amefika eneo la kisiwa. Mjukuu akaandika: sikufika. Akaongeza: ningeendelea, nisingerudi. Akatia sahihi.

Mimi nilishajipenyeza uwanjani, nimekatazwa banda tu, nikamsikia Mkaguzi akimuuliza kama anajua ameandika nini. Akajibu kwamba wiki hii amejifunza kuamini hesabu yake mwenyewe.

Mtoto huyo nimemlea mimi. Andikeni hilo pia.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Kamati imeamua. Nilidhani watasema basi, yatosha, ivunjweni iwe masufuria. Wapi! Wamesoma maneno ya Mkaguzi, wamesoma ya Bwana Asilimia, wamesoma ya mjukuu wangu, wakasema yote yana uzito. Kwa hiyo itatengenezwa Mwewe ya pili yenye injini kubwa zaidi. Injini kubwa inataka tangi kubwa. Tangi kubwa lina uzito. Bei inapanda tena. Bwana Asilimia kapandishwa cheo. Mkaguzi kaongezewa wasaidizi wa kukagua, na hao nao wanalipwa.

Na rubani wa hiyo ya pili? Kamati yenyewe imemtaja. Wanataka yule msema kweli.

Mjukuu alikuja nayo habari hiyo akiwa ameng'aa kama buti zake. Akanikumbatia kwa nyuma nikiwa kwenye cherehani, akaniita mke mwenza, nikajifanya uzi umeingia jichoni. Halafu akakaa mbele yangu akasema sasa niape. Nisiguse ndege, wala utepe, wala mto, wala pini, wala chochote chenye namba ya Kufuli. Akanishika mikono yote miwili. Akasema injini mpya, kumbe ilishanunuliwa kitambo, ikianza kujaribiwa wiki ijayo anataka kuwa na akili tulivu, asiangalie nyuma kunitafuta mimi.

Nikaapa. Kwa dhati. Yote aliyoyataja nimeapa, moja moja, na sitayavunja. Kufuli alikuwa shahidi, alitaka tutie sahihi.

Injini kubwa. Tangi kubwa. Wiki ijayo!

Nimeapa kuhusu ndege. Juu ya mume wangu sikuapa chochote. Na mjukuu yule hawezi kumwacha babu yake kitandani, namjua, ataomba likizo hata ya mwezi.

Kwa hiyo wewe mzee, acha redio, sikiliza. Kesho unaanza kuumwa. Chagua mwenyewe wapi, ila pawe pazito, pasiwe kwenye jino. Uji utaletewa kitandani, usinione nikicheka. Na mjukuu akiingia, ugumie. Anza sasa hivi kujaribu, nikusikie!